Shule ya Kunong'ona

Siku yetu ya shule ilianza pale mtu mwingine alipolala. Mtu huyo alikuwa mzee aliyekodi chumba kilichopakana na chetu, kwenye ploti ya mabati huko Kawangware, na kazi yake ilikuwa kulinda maduka usiku. Alirudi asubuhi akiwa na kabuti lake zito na rungu kwapani. Tulisikia kufuli likifunguliwa, viatu vikivuliwa kimoja baada ya kingine, kisha kitanda kikilalamika. Mama aliweka kidole mdomoni na kunitazama. Kuanzia hapo hadi jioni, yeyote chumbani mwetu aliyekuwa na neno la kusema alilisema kwa kunong'ona.

Nilisomea humo kwa karibu mwaka mzima. Siku hizi nikitaja kwamba nilifundishwa nyumbani, watu hudhani tulikuwa na bustani, piano na wazazi wenye fikra za mbele. Huwa nawaacha waamini hivyo, maana kueleza ni kazi. Ukweli ni kwamba tulikuwa na kitanda kimoja, stuli mbili, jiko la makaa, na yule mzee upande wa pili wa mbao.

Baba alifariki tukiwa bado nyumbani, kule ziwani, na mama akatuleta Nairobi, mimi na mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa bado ananyonya. Aliyetupokea ni mjomba, kaka yake mama. Alikuwa akiishi Gatwekera, Kibera, akifanya vibarua vya kubeba mizigo, na chumba chake kilimtosha yeye na godoro lake tu, basi akatutafutia hicho cha Kawangware. Tulifika madarasa yakiwa yameshajaa. Mama alinishika mkono akanizungusha shule baada ya shule, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile. Karo ya madarasa ya chini ilikuwa imeondolewa miaka michache kabla, watoto walikuwa wamefurika, na wengine walikaa sakafuni. Isitoshe, nilikuwa mrefu. Kwa umri wangu nilipaswa kuwa darasa la tatu, lakini nilikuwa nimekaa darasani muhula mmoja tu kabla baba hajaugua.

Shule moja peke yake haikutufukuza kabisa. Ilikuwa pembezoni mwa Kibera, upande wa Olympic, na mwalimu mkuu wake alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo kanisani. Alimwambia mama anirudishe Januari. Nikiweza kusoma kitabu mbele yake atanichukua niingie darasa la pili. Nisipoweza, tusirudi tena, kwa sababu nitakuwa nimeshapita umri.

Mjomba alikuwa na uamuzi wake pia. Alikuja Jumapili, akala, akapangusa mdomo, kisha akasema kwamba shule ikinikataa nitarudi kwa nyanya ziwani, kwa kuwa msichana wa kimo changu hawezi kukaa mjini bure bure. Mama hakubisha. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mama alikuwa mwepesi wa kubishana na mjomba kuhusu kila kitu, hata chumvi ya mboga, lakini siku hiyo aliinama akaendelea kufuma. Mdogo wangu angebaki naye, mimi ningepandishwa basi peke yangu. Nyanya nilimpenda sana, ila nilitaka kulala mahali alipolala mama. Kila herufi niliyojifunza mwaka ule niliisoma nikiliwaza basi hilo.

Kabla ya kuolewa, mama aliwahi kufundisha watoto wadogo katika shule ya kanisa kijijini kwao, bila cheti. Kazi ya kufundisha aliijua. Asichokijua ni kufundisha bila sauti, na hilo ilibidi alibuni mwenyewe.

Kazi iliyotulisha ilikuwa kufuma sweta za shule. Alinunua sweta kuukuu sokoni, akazifumua, akaufua uzi na kuunyoosha, kisha akaufuma upya kwa oda za wazazi wa mtaani. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa juu ya jiwe mpaka ncha zikawa laini. Wanawake wengi wa ploti yetu walitumia spoku. Hazivunjiki, na hata zikikunjwa hunyooka tena, ila zina kelele yake: kila kitanzi kikivuka, chuma hugonga chuma, tik, tik, kutwa nzima. Mzee mwenyewe alimwambia mama kwamba mlio huo haumsumbui. Kilichomwamsha ni sauti za watu. Alisema usiku mzima masikio yake yanatega sauti za watu, na mchana hayajui kwamba kazi imeisha.

Kwa hiyo mama alifundisha kwa spoku. Niliketi chini, mgongo wangu umeegemea miguu yake, nikitazama ukuta wa mbali na mzee. Ukuta huo ulikuwa umebandikwa magazeti ya zamani kuziba upepo, nayo yakawa kitabu changu cha kwanza, kabla mjomba hajaleta kitabu kamili kilichokosa jalada. Nilisoma kwa kunong'ona. Nikiwa sawa, spoku ziliendelea. Nikikosea, zilinyamaza. Hapo nilirudi mwanzo wa mstari na kujaribu tena, na nikipatia, tik, tik, zikaanza upya. Hatukuhitaji neno lolote. Mama aliweza kufundisha nusu siku bila kufungua kinywa, na sweta ikasonga mbele.

Mimi kile kimya nilikichukia. Watoto wengine walichapwa kwa kiboko, wakalia, yakaisha. Mimi nilibaki na kimya hicho kisogoni na sikujua nimekosea wapi mpaka nilipate kosa mwenyewe. Wakati mwingine nilirudia mstari mara kadhaa, jasho likinitoka, nikisikia pumzi ya mama juu yangu ikisubiri. Nilikuwa na hakika kwamba kila kimya kilinisogeza hatua moja kwenye kituo cha basi.

Siku zote zilifanana. Kabla mzee hajarudi nilikuwa nimeshakwenda na debe kwenye bomba, na huko ndiko nilikokutana na wenzangu wakiwa na sare. Kulikuwa na msichana mmoja mwembamba ambaye hakunichoka. "Na wewe huendi skul?" aliuliza kila mara, na nilipomjibu kwamba nasoma nyumbani, aliwageukia wenzake, "Ati anasoma home. Mwalimu ni nani, paka?" Mimi nilijitwisha debe langu nikaenda zangu. Sikuwa mpole, nilikuwa naogopa kuchelewa. Kama mzee angelala kabla sijafika, ningelazimika kufungua mlango kwa ncha za vidole, na mlango wetu ulikuwa na bawaba zenye kelele.

Asubuhi ilikuwa ya kusoma. Baadaye mama alinyoosha uzi, mimi nikiwa nimeinua mikono miwili mbele kama mtu anayekamatwa, yeye akiuzungusha uzi kwenye viganja vyangu huku nikimnong'onezea hesabu za kuzidisha. Nikikosea, uzi ulisimama. Kuandika niliandika kwa makaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Mchana tulikula kwa utulivu kama watu walio matangani. Mdogo wangu alipoanza kunung'unika, mama alimpa titi au donge la uzi, chochote kilichokuwa karibu, na macho yetu sote wawili yakakimbilia ukuta wa mzee. Akikohoa tu, tulisubiri. Kitanda kikilia, tulisubiri tena. Nadhani nilimjua yule mzee kwa kukohoa kwake kuliko nilivyomjua mtu mwingine yeyote duniani, na bado sikumbuki vizuri uso wake.

Saa za alasiri, watoto waliporudi kutoka shule wakiwa na vile vipakiti vya pembe tatu vya maziwa ya bure, wengine wakivipasua kwa mguu njiani ili kusikia mlipuko, mama aliniziba masikio kwa mikono kwa mzaha. Hakutaka niwaonee wivu. Niliwaonea hata hivyo.

Na kulikuwa na kupima. Kila sweta ilipoisha, mama alinivisha mimi kwanza, kwa sababu kimo changu kilimsaidia kukadiria. Nilivaa ya kijani ya shule moja, kesho ya kijivu ya nyingine, ya buluu, ya maruni. Alinizungusha, akavuta mabega, akaangalia shingo, akaridhika, kisha akaninong'oneza neno moja, "Vua." Nilivua. Kuna wakati nilijikawiza kwenye mkono mmoja, nikijifanya umenasa, ili nikae ndani ya sweta kidogo zaidi. Mama alilijua hilo na hakulisema.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukusoma jioni, mzee akishaenda kazini, tukapaza sauti tutakavyo. Jioni mama alipeleka sweta kwa wenyewe na kununua mboga. Mimi nilibaki na mtoto na chungu, majirani wakawasha redio zao, na mafuta ya taa hayakuwa ya kuchezea. Basi hatukufanya hivyo hata siku moja. Hatukuona kwamba kuna tatizo.

Siku iliyobadilisha mambo, mdogo wangu alivuta ukingo wa kitambaa kilichotandikwa juu ya stuli na sufuria ikamwangukia. Ilikuwa tupu, lakini ilipiga kelele, naye akapiga zaidi. Mama alimrukia akamziba kwa kifua chake. Wakati huo huo tukasikia ngumi ukutani, mara mbili, na sauti ya mzee yenye usingizi ikimwomba Mungu ampe subira. Baada ya muda mwenye ploti akaja. Alikuwa mwenyeji wa hapo, shamba lilikuwa la babake kabla mabati hayajajengwa, na alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni bila kuingia, mikono kiunoni.

"Mama, huyu mzee nimekaa na yeye miaka mingi na hajawahi kunisumbua," alisema. "Wewe umekuja juzi. Akinikujia tena na hii maneno, utatafuta nyumba ingine. Na hii mambo ya kufundisha fundisha, hii ni ploti, si skul."

Mama alimjibu kwamba amesikia. Mwenye ploti alipoondoka, mama aliketi kitandani akamkumbatia mtoto, na mimi nikaona mikono yake ikitetemeka. Akaokota spoku akaanza kufuma, na mtetemeko ukaisha. Nililiona hilo kwa macho yangu, ila sikujua kwamba siku moja litanihusu.

Kuanzia hapo tulinong'ona chini zaidi. Tulifika mahali mimi nasoma kwa midomo na pumzi tu, na mama ananisikia kupitia mgongo wangu ulioegemea miguu yake. Kufikia Desemba nilikuwa nimemaliza kitabu kile kisicho na jalada, mwanzo hadi mwisho, bila spoku kusimama. Mama alinibusu utosini. Nilijua kusoma, na yeye alijua kwamba najua, na hakuna kati yetu aliyegutuka kwamba sijawahi hata mara moja kusoma kwa sauti.

Januari ilifika nikiwa silali. Nilikuwa nikijigeuza kitandani, nikiyapanga maneno magumu kichwani. Mjomba alikuwa ameshauliza nauli za basi, na alilitaja hilo mbele yangu bila nia mbaya, kama mtu anayeuliza bei ya mboga za sukuma. Asubuhi ya siku yenyewe tulitoka mapema, mtoto akiwa mgongoni mwa mama, kikapu cha kufuma mkononi, kwa kuwa mama hakuenda popote bila hicho kikapu. Ndani kulikuwa na sweta ya maruni iliyobaki mkono mmoja. Langoni tulikutana na mzee akirudi. Alikuwa amesimama mbele yetu macho wazi, akatuuliza tunakwenda wapi mapema hivyo, na mama akamjibu kwa kunong'ona. Mzee alimtazama kwa mshangao, akatutakia heri, akaenda kulala.

Tulitembea hadi tukavuka Barabara ya Ngong, tukateremka upande wa Kibera. Njiani mama aliniambia nisiogope. Aliniambia hivyo mara nyingi mno, hadi nikajua kwamba yeye ndiye anayeogopa. Kwenye uwanja wa shule watoto wa sweta za maruni walikuwa wakifagia majani. Niliwaza tu kwamba aliyeagiza ile ya kikapuni lazima awe mmoja wao, na nikamchukia kidogo, yeyote yule.

Mwalimu mkuu alitukumbuka. Alimwonyesha mama benchi nje kwenye veranda, akaniingiza ofisini, akauacha mlango wazi. Nyuma ya kiti chake ukutani kulikuwa na ramani na ratiba, mezani kikombe cha chai kilichofunikwa na kisahani. Alinipa kitabu nisichowahi kukiona.

"Soma."

Nilianza mstari wa kwanza: Baba alikwenda sokoni kununua jembe jipya. Maneno yalitoka kwa ile pumzi yangu ya kila siku, na mwalimu mkuu akainamisha kichwa, akaweka mkono sikioni. Akaniambia nitoe sauti. Nilijaribu kuitafuta nisiipate. Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba nilipofika mwisho wa mstari nilitega sikio kisogoni, na huko kulikuwa kimya.

Kimya nilikifahamu. Kilikuwa na maana moja tu. Nilirudi mwanzo wa mstari: baba alikwenda sokoni kununua jembe jipya. Kimya. Nikafikiri labda nimelikosea jembe, nikalisoma polepole. Kimya. Nikafikiri labda ni sokoni. Nikarudi tena, na tena. Herufi zilianza kucheza mbele ya macho yangu. Mwalimu mkuu aliniambia niende mstari unaofuata, na mimi nilitaka sana kumtii, lakini ningeendeleaje mbele huku nyuma nimekosea? Basi nikarudi kwa baba na jembe lake. Nilikuwa naliona lile basi likiwa limewasha injini.

Aliinuka akaenda mlangoni. "Mama, huyu amekariri mstari mmoja," alisema. "Kusoma hajui."

"Anajua," mama alisema.

"Unasemaje? Ongea nikusikie."

"Anajua, mwalimu. Nakuomba."

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. Alimwambia mama kwamba ana watoto wengine wa kuwaona, lakini atakunywa chai yake kwanza, na hadi aimalize nina nafasi. Alirudi akaketi, akakifunua kikombe, akanielekeza kwa kidole kwenye kitabu. Sikuanza. Nilikuwa nimekodolea macho kile kikombe, nikihofia kila funda. Nje nilisikia mtoto akinung'unika, benchi likilia, kikapu kikiburutwa. Halafu nikasikia tik. Tik, tik.

Sijui kama naweza kueleza kilichonipata mgongoni. Ulilegea wote. Baba alikwenda sokoni kununua jembe jipya, na spoku zikaendelea, kwa hiyo jembe lilikuwa sawa siku zote, na sokoni pia. Nikaenda mstari wa pili, baba alikuta bei imepanda, na wa tatu, na wa nne, kwa kunong'ona, mbio mbio, nikamaliza ukurasa nikaufunua mwingine bila kuambiwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameinama mezani karibu kunigusa, kikombe mkononi, hanywi.

Katikati ya ukurasa wa pili spoku zilisimama. Nilikuwa na hakika sijakosea, lakini hakika yangu haikuwa na uzito mbele ya spoku. Nilirudi mwanzo wa mstari. Nikarudi tena. Mwalimu mkuu alinitazama, akautazama mlango, akanyoosha shingo akachungulia nje. Kitanzi kilikuwa kimemponyoka mama kwenye ukingo wa mkono wa sweta na alikuwa akikitafuta. Alipokipata akaendelea kufuma, nami nikaendelea kusoma, na nikaona mwalimu mkuu anakiweka kikombe chini taratibu sana.

"Kwa nini unanong'ona?" aliniuliza.

"Mzee amelala."

"Mzee gani?"

"Wa upande wa pili."

Aligeuka akautazama ukuta nyuma yake, penye ramani. Kisha akavua miwani akanitazama bila miwani, na macho yake yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

"Hapa hakuna mtu amelala," alisema. "Soma huo mstari wa mwisho."

Niliusoma. Sauti ilianza kama ya mtu mwenye mafua, ikakatika, halafu ikaja yote kwa pamoja, kubwa, ngeni, ikagonga mabati ya paa. Niliiogopa. Nilidhani ni ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Na kule nje spoku zikasimama.

Nilizisikia zikisimama. Kimya kilijaa kwenye veranda, kile kile cha nyumbani. Lakini nilikuwa nimejisikia mwenyewe nikisoma kila neno, kwa masikio yangu, na sikuona kosa. Sikurudi nyuma. Nilivuka nikaingia mstari uliofuata, kimya kikiwa bado kipo, na uliofuata huo, mpaka baba akafika nyumbani na jembe lake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sweta ikining'inia mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisikia nikisoma kwa sauti.

Mwalimu mkuu alisema nije Jumatatu, darasa la pili, niketi mbele. Alisema pia kwamba mtoto huyu afundishwe kupayuka kidogo. Mama alishukuru kwa kuinama. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, nilimuuliza kama siku ile alizianzisha spoku makusudi, ili kuniokoa. Alishangaa swali lenyewe. Alisema mikono yake ilikuwa inatetemeka akaipa kazi, basi. Hilo la mimi kutega sikio hakulijua hata kidogo.

Tulirudi Kawangware jua likiwa kali. Njia nzima mama alikuwa akicheka peke yake na kunisukuma begani, na mimi nikisoma kwa sauti kila kibao tulichokipita, kinyozi, kinyozi tena, duka la dawa, makaa hapa. Tulipoingia langoni tukanyamaza sote kwa pamoja, bila kuambiana. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mama alifungua wetu kwa ncha za vidole, akamlaza mtoto, akaketi kitandani akajiziba uso kwa ile sweta, na mabega yake yakawa yanacheza. Nilidhani analia. Alikuwa anashangilia, na mimi nikapanda kitandani nikajiziba upande wa pili wa sweta, tukashangilia wote wawili humo ndani ya uzi bila kutoa sauti.

Mchana kutwa alifuma. Jioni inakaribia, mzee akiwa bado anakoroma, mkono wa mwisho ukaisha. Mama akaniita kwa kidole. Nilijua kazi yangu. Niliinua mikono akanivisha, akanizungusha, akavuta mabega, akaangalia shingo. Kwenye ukingo wa mkono wa kushoto palikuwa na kijishimo, pale kitanzi kilipoponyoka. Mama ambaye alifumua kazi nzima kwa kasoro ndogo kuliko hiyo alipagusa kwa kidole, akapaacha.

Nilianza kutoa mkono mmoja kama kawaida, nikijikawiza kidogo.

Aliushika ule mkono akaurudisha ndani ya sweta. Akaniinamia sikioni.

"Usivue," alininong'oneza.